Mafuta ya Chunguni na Akili za Wazee Wetu



Mwezi huu twajibu swali la kijana mmoja wa upande wa Biharamulo. Asema kwamba mama yake, aliyekwisha pita miaka 70, ameanza kupotewa na mambo. Huuliza neno moja mara tatu kabla chai haijapoa. Huacha chungu motoni akaenda zake. Na juzi alipotea njia kati ya kisima na nyumba aliyokaa miaka 40. Nyumbani wamegawanyika. Shangazi asema mzee apewe samli kwa wingi, kwani ubongo ni mafuta, na mafuta hulishwa kwa mafuta. Kaka mkubwa, aliyerudi kutoka mjini, asema mafuta yote ni sumu, na tangu siku hiyo amekataza mboga ya mama isitiwe hata tone. Na jirani, ambaye hakuulizwa na mtu, amenong'ona neno la tatu, nalo ni baya kuliko yote: ati bibi huyu ana mambo yake ya usiku. Kijana auliza: nimfuate nani?

Tuanze na neno la jirani, kwani hilo laweza kumwaga damu. Katika mikoa ya Kanda ya Ziwa wako vikongwe waliouawa kwa kushukiwa uchawi, na hoja za wenye kushuku zilikuwa ni kama hizi: bibi asema peke yake, bibi azunguka usiku, bibi ana macho mekundu. Macho mekundu, ndugu zangu, huletwa na moshi wa kuni za miaka 50 jikoni. Na kuzunguka usiku huletwa na ubongo uliougua, usioweza tena kupambanua saa ya kulala na saa ya kuamka. Qur'ani Tukufu, katika Sura An-Nahl aya ya 70, imekwisha taja hali hii ya binadamu kufikishwa katika umri dhaifu na kuondokewa na elimu aliyokuwa nayo. Wazee wetu wa pwani nao waliipa jina, wakaiita upiswa. Waganga wa leo waiita demensia, na aina yake iliyo kubwa kuliko zote ni ile ya Alzheimer. Inayofuata ni ile itokanayo na kuharibika kwa mishipa ya damu ya ubongo. Basi jambo lenye jina katika Kitabu, katika lugha na katika hospitali, kwa nini liitwe uchawi? Anayemsingizia mgonjwa amemdhulumu, na anayesikia akanyamaza amemsaidia mdhalimu.

Je, ugonjwa huu uko kwetu, au ni wa nchi za baridi tu? Kati ya mwaka 2009 na 2010 wataalamu walipita vijijini katika wilaya ya Hai, mkoa wa Kilimanjaro, wakawapima wazee 1,198 wenye umri wa miaka 70 na zaidi. Walipokwisha kufanya hesabu, waliona kwamba katika kila wazee 100, kiasi cha 6 wanao ugonjwa huu. Hai si Ngara, walakini wazee wa Hai ni wakulima wa migomba kama walivyo wazee wa Ngara. Haielekei, basi, kuwa vijiji vyetu vimesalimika.

Sasa tuje kwa shangazi. Nusu ya neno lake ni kweli. Ubongo ukikaushwa maji yake, zaidi ya nusu ya kinachobaki ni mafuta na vitu vya jamii ya mafuta. Lakini mtu anywaye maziwa hageuki akawa mweupe, na mtu alaye samli haipeleki samli ile kichwani. Ubongo una ukuta wake wa kuuhifadhi, na lehemu unayoihitaji hujitengenezea wenyewe humo ndani. Yako mafuta machache ambayo mwili hauwezi kuyaunda, nayo sharti yatoke katika chakula: mengine hupatikana katika mbegu na karanga, na mengine, yaliyo na kazi kubwa zaidi katika ubongo, hupatikana katika samaki. Samli si hazina ya mafuta hayo.

Madhara ya mafuta mabaya hayaanzii kichwani, huanzia njiani. Ubongo ni kiungo kidogo, lakini wala sana; hunyweshwa damu usiku na mchana kwa mishipa, na iliyo midogo katika hiyo ni myembamba kuliko unywele. Mtu akidumu miaka mingi kula kwa wingi mafuta yagandayo, lehemu mbaya huzidi katika damu yake, ikajishika katika kuta za mishipa kama masizi yashikavyo katika bomba la moshi. Njia ikawa nyembamba. Likiongezeka shinikizo la damu, mambo huwa mabaya zaidi. Siku moja mshipa huziba au hupasuka, na hicho ndicho kiharusi. Au huziba mishipa midogo midogo, mmoja leo na mwingine mwakani, wala hapana anayejua, mpaka watu waseme: mzee amebadilika.

Kwamba jambo hili latukaribia, ushahidi upo hapa hapa Tanzania. Kati ya mwaka 2003 na 2006 walihesabiwa watu waliopatwa na kiharusi kwa mara ya kwanza, huko Hai na huko Dar es Salaam. Hesabu ilipokwisha sawazishwa kwa umri, ilionekana kwamba katika kila watu 100,000, Hai walipatwa kiasi cha 109 kwa mwaka, na Dar es Salaam 316. Karibu mara tatu! Na mji, ndugu zangu, haungoji tuufuate. Watujia wenyewe kwa barabara, na chipsi zake, na soda zake, na pikipiki zituzuiazo kwenda kwa miguu.

Wako Waafrika wengine waliochunguzwa kwa muda mrefu: wazee wa Ibadan, Nigeria, wakilinganishwa na wazee weusi wa Indianapolis, Marekani, wote wa miaka 65 na zaidi. Matokeo yalitangazwa mwaka 2001. Katika kila wazee 1,000 wa Ibadan walishikwa na demensia kiasi cha 13 au 14 kwa mwaka. Katika wale wa Indianapolis walishikwa kiasi cha 32. Asili yao ni ya bara moja, lakini maisha yao ni mbalimbali. Wa Ibadan walikula vyakula vya shamba zaidi, na walikuwa na lehemu, shinikizo la damu na sukari kidogo kuliko wenzao. Hapana awezaye kusema ni mafuta peke yake yaliyowatenga, lakini ni dalili ya kutosha kwa mwenye kuzingatia.

Twapenda kusema kweli yote, wala si ile itupendezayo tu. Wataalamu hawakuafikiana katika kila jambo. Huko Chicago, mwaka 2003, walitangaza habari za wazee 815 waliofuatwa kiasi cha miaka minne: waliokula kwa wingi zaidi mafuta yagandayo walishikwa na Alzheimer karibu mara mbili kuliko waliokula machache kabisa. Lakini mwaka mmoja kabla yake, huko Rotterdam, Uholanzi, walichunguzwa watu 5,395, na haikuonekana kwamba mafuta yanazidisha ugonjwa huo. Vilevile vidonge vya mafuta ya samaki vilipojaribiwa kwa maelfu ya wazee huko Marekani, na matokeo yakatangazwa mwaka 2015, havikuonekana kuzuia kusahau. Mwanafunzi wa madrasa hashangai kuona wanavyuoni wakihitilafiana. Hutazama ni lipi walilokubaliana, akalishika. Nalo ni hili: kinachoharibu mishipa ya moyo huharibu na mishipa ya ubongo. Mwaka 2024 jopo la wataalamu wa mataifa mengi, lililokusanywa na jarida la The Lancet, lilitaja mambo 14 ambayo yangeondolewa, karibu nusu ya demensia duniani ingeweza kuzuiwa au kucheleweshwa. Lehemu mbaya kuzidi katika umri wa makamo ilitiwa katika hesabu hiyo mwaka huo huo.

Sasa kaka mkubwa, asemaye kwamba mafuta yote ni sumu. Huyu naye amekosea, na kosa lake kwa bibi wa miaka 70 laweza kuwa na madhara ya upesi zaidi. Vitamini A, D, E na K haziingii mwilini vizuri pasipo mafuta. Mchicha uliochemshwa kwa maji matupu huondoka na sehemu ya faida yake. Tena wazee wengi wa vijijini kwetu hawana ugonjwa wa kushiba, wana ugonjwa wa kupungukiwa. Meno yamekwisha, hamu imepungua, na mwenye demensia husahau hata kwamba hajala, akakonda. Kumnyima mtu kama huyo mafuta ni kumwondolea nguvu ya mwisho aliyo nayo. Kijiko kimoja kikubwa cha mafuta ya mimea katika mboga yake hakitamdhuru, bali kitamsaidia.

Kwa hiyo swali la haki si kula mafuta au kuyaacha, bali ni mafuta gani, na kwa kiasi gani. Na tuyatazame yaliyomo katika maduka na masoko yetu ya Ngara na Biharamulo.

Samli na shahamu ya ng'ombe. Sehemu kubwa ya mafuta haya, kupita nusu, ni ya kuganda. Si haramu wala si sumu. Kijiko kidogo katika wali wa sikukuu hakina lawama. Lakini si dawa ya ubongo, na mtu mwenye shinikizo la damu asiyafanye kuwa mafuta ya kila siku.

Mawese, yatujiayo kutoka Kigoma na kwa jirani zetu wa Burundi. Karibu nusu yake ni ya kuganda. Yakiwa mekundu yana asili ya vitamini A, nayo ni faida kwa macho. Lakini wapishi wengi huyachoma mpaka yakawa meupe, na hapo faida ile huungua na mafuta ya kuganda hubaki. Yatumieni kidogo, tena bila kuyachoma.

Tui la nazi na mafuta ya nazi, ambayo siku hizi husifiwa kwamba hurudisha akili. Zaidi ya sehemu nane katika kumi za mafuta yake ni ya kuganda, wala sifa hiyo haijathibitishwa.

Alizeti, yakamuliwayo kwa wingi Singida na Dodoma. Ya kuganda ndani yake ni kiasi cha sehemu moja tu katika kumi. Haya yafaa kuwa mafuta ya chungu cha kila siku.

Karanga na parachichi. Hizi ni neema zilizo mlangoni mwetu, nasi twazidharau kwa sababu ni za shamba. Mafuta yake mengi ni ya jamii ile ile isifiwayo katika zaituni. Mzee asiye na meno apewe parachichi lililopondwa, au karanga zilizosagwa katika mboga za majani. Lakini karanga zilizoota ukungu au zilizo chungu zitupwe, kwani ukungu ule una sumu ya ini. Msizichague mkawapa wazee na watoto zile mbovu.

Dagaa na samaki wa Ziwa Victoria. Humu ndimo yalimo yale mafuta ambayo ubongo huyahitaji na mwili hauwezi kuyaunda vya kutosha. Dagaa waliokaushwa vizuri, wakapikwa kwa nyanya na karanga mara mbili tatu kwa juma, ni chakula cha heshima wala si cha maskini tu. Na ndugu zetu wapendao senene wajue kwamba mdudu huyu ana mafuta yake mwenyewe ya kutosha. Kumkaanga katika mafuta mengine ni kumtia maji mtoni.

Ama zaituni, hapana Mwislamu asiyejua heshima yake. Mwaka 2024, huko Marekani, zilitolewa habari za watu zaidi ya 92,000 waliofuatwa miaka 28: waliokula zaidi ya gramu 7 za mafuta ya zaituni kwa siku, yaani nusu ya kijiko kikubwa, hatari yao ya kufa kwa demensia ilikuwa pungufu kwa asilimia 28. Lakini yawezekana walaji wa zaituni wana na mazoea mengine mema. Mwenye nafasi anunue, asiye na nafasi asiuze mbuzi; alizeti, karanga na parachichi vitamtosha.

Mabaya kuliko yote ni mafuta ya mimea yaliyogandishwa kiwandani kwa haidrojeni, yapatikanayo katika baadhi ya mafuta magumu ya kupikia na katika mikate na biskuti za bei rahisi. Haya huzidisha lehemu mbaya na kupunguza ile njema. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwito mwaka 2018 kwamba yaondolewe katika chakula cha dunia nzima. Mnunuzi ajuaye kusoma na asome maandishi ya kopo kabla ya kutoa fedha yake.

Na hapa twasema neno kwa mama zetu, hasa tukikumbuka meza za futari. Mafuta ya kukaangia sambusa jana, yakarudishwa jikoni leo na kesho mpaka yakawa meusi na mazito, yamekwisha haribika, yamwagwe. Na meza yenye sambusa, bajia, maandazi na kaimati kwa pamoja ni kumlemea aliyefunga badala ya kumpa nguvu. Kimoja cha kukaanga chatosha, na vingine viwe vya kuchemsha: viazi, ndizi, maharage, uji. Shirika hilo hilo la Afya lapendekeza kwamba katika nguvu yote aipatayo mtu kwa chakula, mafuta yote yasizidi asilimia 30, na yale ya kuganda yasizidi 10. Kwa lugha ya jikoni: pimeni mafuta kwa kijiko, msimimine kutoka dumuni.

Lakini asidhani mtu kwamba atayapanga mafuta, kisha avute sigara na kula chumvi kama mbuzi, na akili yake isalie. Shinikizo la damu ndilo adui mkubwa, tena huja bila hodi. Kila aliyefikia miaka 40 aende kituo cha afya akapimwe, na aliyepewa dawa asiziache kwa sababu amejiona mzima. Amejiona mzima kwa ajili ya zile dawa. Kutembea kwa miguu kwenda msikitini, kusoma, kuzungumza na watu, kutibiwa macho na masikio, haya yote yamo katika kinga ya ubongo. Mzee asiyesikia hujitenga, na ajitengaye ubongo wake hulala.

Sasa, ewe kijana wa Biharamulo, hili ndilo jibu lako. Kwanza, mpeleke mama hospitali ya wilaya. Si kila kusahau ni demensia: malaria, ambukizo la mkojo, upungufu wa damu, upungufu wa vitamini B12, maradhi ya tezi la shingo, na huzuni ya kufiwa, huweza kuvuruga akili ya mzee, na haya yana tiba. Ikiwa ni demensia, bado hakuna dawa ya kuiponya, lakini kuna mengi ya kumpunguzia shida. Pili, apimwe shinikizo la damu na sukari. Tatu, ale mara kwa mara, kidogo kidogo, chakula laini chenye mafuta mema. Nne, moto usiachwe pamoja naye peke yake, na mlango wa usiku ufungwe kwa upole. Na mkiona siku moja mdomo umepinda, mkono umelegea, au maneno hayatoki, msingoje asubuhi. Hicho ni kiharusi, na kila saa ina thamani yake.

Na neno la tano ni lako mwenyewe na kaka yako. Akirudia swali, jibuni kama mlivyojibiwa nyinyi mlipokuwa wadogo, mkauliza jina la kila ndege. Jirani mwelezeni kwa adabu, na mbele ya watu, kwamba mama ni mgonjwa na yuko katika matibabu. Habari ikiwa wazi, mnong'ono hukosa pa kukaa. Akizidi, mwendeeni imamu na mwenyekiti wa kijiji mapema, kabla maneno hayajageuka panga.

Wasomaji wetu, hasa nyinyi wa miaka 30, 40 na 50, msiyasome haya kama habari za bibi wa watu. Uzee wa akili hauanzi siku mtu anapopotea njia ya kisima. Huanza miaka 20 nyuma, katika chungu, katika kikaango, na katika kile kiti asichotaka mtu kukiacha. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Watu husema kwamba penye wazee haliharibiki neno. Nasi twawahitaji wazee wetu wakiwa na akili zao, watufundishe nasaba, mipaka ya mashamba, na sura walizohifadhi tangu utotoni. Tuwalinde hao walioko, na tuanze leo kujilinda sisi tutakaowafuata.

Wabillahi t-tawfiq. Wassalaam.